Sina huzuni, nina hasira tu. Hii nayo ni sonona?

SWALI: Mimi ni mwanamume wa miaka 44, nina mke na watoto watatu. Mwaka jana kazini walipunguza watu. Sikufukuzwa, ila nilishushwa cheo, na sasa kijana niliyemfundisha kazi ndiye ananipangia zamu. Mshahara umepungua na nina mkopo. Tangu hapo nimekuwa mtu wa hasira. Juzi binti yangu wa miaka 7 alimwaga maji juu ya karatasi zangu, nikamfokea mpaka akaanza kutetemeka. Nilitoka nikaenda kukaa ndani ya gari nusu saa nzima. Saa tisa usiku macho yako wazi. Mgongo na kichwa vinauma lakini vipimo havionyeshi kitu. Mpira wa Jumapili na wenzangu nimeacha, sina muda. Jioni nakunywa bia mbili tatu ili nipate usingizi. Wakati mwingine naona familia yangu ingepata nafuu kama nisingekuwepo. Mke wangu anasema nina sonona, niende kwa mshauri nasaha. Lakini mimi sina huzuni, sijalia hata siku moja. Mtu anaweza kuwa na sonona bila huzuni? Na kuongea na mtu nisiyemjua kutanisaidia nini wakati shida yangu ni kazi na pesa?

JIBU: Ndugu yangu, nitayajibu maswali yote mawili. Lakini kwanza nirudi kwenye sentensi uliyoipitisha haraka haraka, kati ya bia na ushauri wa mkeo: kwamba familia yako ingepata nafuu kama usingekuwepo.

Wanaume wengi huileta sentensi hiyo namna hiyo hiyo, kwa kupita. Wala haiwajii kama huzuni, huwajia kama hesabu. Deni ni hili, ninacholeta nyumbani ni hiki, kelele ninazopiga ni hizi, basi mimi ni mzigo. Kwa kuwa imevaa sura ya hesabu, mwenyewe haimshtui. Mimi inanishtua, kwa sababu mtu kujiona mzigo kwa watu anaowapenda ni mojawapo ya mawazo ambayo sisi tunaofanya kazi hii tunayachukulia kwa uzito kuliko machozi.

Kwa hiyo nakuuliza waziwazi, maana kuuliza hakumtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Umewahi kufikiria kujiua? Umefikiria utafanyaje? Kuna kitu umekitafuta au umekiweka karibu kwa ajili hiyo? Kama jibu ni ndiyo hata kwa moja, acha kusoma hapa. Mwambie mkeo leo hii, au nenda idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu na useme: "Nina mawazo ya kujiua." Kitu chenyewe, kiwe dawa, silaha au chochote, kikakae kwa mtu mwingine. Wimbi kali la kutaka kufa mara nyingi hudumu muda mfupi, dakika au saa chache, na mtu aliyetenganishwa na chombo kwa muda huo ana nafasi kubwa ya kulivuka. Pombe hufanya kinyume: hufupisha njia kati ya wazo na tendo. Usiku wa mawazo hayo si usiku wa kunywa hata bia moja.

Kama jibu ni hapana kwa yote matatu, sentensi yenyewe bado inatosha kukupeleka kwa daktari wiki hii.

Sasa swali la kwanza. Ndiyo, mtu anaweza kuwa na sonona bila huzuni, na haya si maoni yangu, yamo ndani ya vigezo vyenyewe. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, DSM-5, unataka dalili tano kati ya tisa, zidumu kwa wiki mbili, na miongoni mwa hizo lazima iwepo ama hali ya huzuni ama kupoteza hamu na raha ya mambo. Moja kati ya hizo mbili inatosha. Zilizobaki ni usingizi kuharibika, hamu ya kula au uzito kubadilika, uchovu, mwili kuwa mzito au kukosa utulivu, kujiona hufai, akili kushindwa kukaa kwenye jambo au kuamua, na mawazo ya kifo.

Soma tena barua yako ukiwa na orodha hiyo mkononi. Mpira wa Jumapili umeuacha, unasema huna muda. Lakini ulipokuwa na cheo na majukumu makubwa zaidi, muda wa mpira ulipatikana. Nadhani kilichoondoka ni hamu, na "sina muda" ndilo jina ambalo mwanamume huliita jambo hilo kwa kuwa linampa heshima. Kuamka saa tisa usiku na kushindwa kulala tena ni dalili ya sonona inayojulikana miaka mingi. Wazo la kwamba wangepata nafuu bila wewe limeshika sehemu mbili za orodha kwa pamoja, kujiona hufai na kifo. Siwezi kukupima kwa barua, na sitajifanya naweza. Ila mke wako hajatunga.

Hasira yenyewe haimo kwenye orodha ya watu wazima. Mwongozo unakubali kwamba kwa mtoto au kijana balehe, kukasirika ovyo kunaweza kushika nafasi ya huzuni. Akishakuwa mtu mzima ruhusa hiyo inaondolewa. Kwa maoni yangu ni pengo, na limegharimu watu.

Tazama takwimu mbili za Shirika la Afya Duniani. Sonona huonekana zaidi kwa wanawake, kama mara moja na nusu ya wanaume. Lakini katika watu zaidi ya 720,000 wanaojiua duniani kila mwaka, kiwango cha wanaume ni zaidi ya mara mbili ya kile cha wanawake. Wanaume wanaonekana kuugua kidogo na wanakufa zaidi. Sehemu ya maelezo ni kwamba wanaume hutumia njia zinazoua haraka, hilo lazima nilitaje. Halielezi yote.

Kisiwani Gotland, Sweden, mwanzoni mwa miaka ya 1980, madaktari wa kawaida walipewa mafunzo maalumu ya kutambua na kutibu sonona. Idadi ya waliojiua ikashuka, watu wakafurahi. Walipochambua wakakuta kushuka kule kulikuwa hasa kwa wanawake. Upande wa wanaume haukutikisika. Madaktari walikuwa wamefundishwa kumtambua mtu mwenye huzuni, anayelia, anayesema nimechoka na maisha. Wanaume waliokuwa wakifa hawakufika kliniki na sura hiyo, na wengi hawakufika kabisa. Baadaye daktari Wolfgang Rutz na wenzake walitengeneza kipimo cha sonona kinachouliza pia kuhusu hasira, kukosa uvumilivu, pombe na kujichosha kwa kazi. Mwaka 2013 ukachapishwa utafiti wa Marekani uliorudia kuchambua takwimu za maelfu ya watu, safari hii hasira, ulevi na kujihatarisha vikihesabiwa pamoja na dalili za kawaida. Tofauti kati ya wanaume na wanawake karibu ilitoweka: wanaume asilimia 30.6, wanawake asilimia 33.3.

Hii haina maana kwamba kila mwanamume mkali anaumwa. Wapo wenye hasira kwa sababu wamedhulumiwa, wapo ambao pombe ndiyo chanzo, na wapo ambao wamegundua tu kwamba ukali huwapatia wanachotaka. Tena sonona ikithibitishwa haifuti kilichompata binti yako. Inakueleza kimetoka wapi, na kwamba kinatibika.

Ninachotaka tukitazame kwa karibu zaidi ni ile nusu saa ya ndani ya gari. Umeitaja kwa mstari mmoja na hukusema ulichokifanya humo. Nadhani hukufanya kitu. Hukuwasha redio, hukushika simu, au uliishika ukawa unaitazama tu. Hasira ilikuwa imeshakwisha dakika ya kwanza, maana hasira ya namna hii huwaka kwa nguvu na kuzima mapema. Zile dakika nyingine zote ulikaa na nini? Mwanamume nikimuuliza hivyo hujibu "nilikuwa natulia." Nikisubiri kidogo bila kuongeza neno, hutokea jibu la pili, na mara nyingi ni picha: sura ya mtoto, mikono inavyotetemeka, halafu, kwa namna asiyoielewa, sura ya yule kijana wa kazini akibandika ratiba ya zamu ukutani. Kama na wewe picha hizi mbili zilikujia, zilikuja pamoja kwa sababu zina kitu kimoja ndani yake, na si hasira. Ni aibu. Kazini umedogoshwa mbele ya watu na huruhusiwi kusema kitu. Nyumbani yakamwagika maji juu ya karatasi, jambo dogo kabisa, na kwa sekunde moja likaonekana kama dharau nyingine.

Aibu na hofu humfanya mtu anywee, ajione mdogo. Hasira humnyoosha mgongo. Ndiyo maana mwili huichagua: inampa mtu nguvu wakati ambapo hisia nyingine zote zinamnyang'anya. Na kwa mvulana aliyelelewa akiambiwa ajikaze, hasira ndiyo hisia pekee ambayo hakuna aliyemcheka kwa kuwa nayo. Akalia, alichekwa. Akaogopa, alichekwa. Akapigana, watu waligomba lakini hawakumcheka. Miaka 30 baadaye mtu huyo ana mlango mmoja tu wa kutokea, na kila kitu kinapita hapo hapo, hata msiba. Kisipopita mlangoni hupita mwilini, kwenye mgongo, kichwa, tumbo. Maumivu hayo si ya kuigiza. Sonona huvuruga usingizi, hukaza misuli na hufanya maumivu yahisiwe kwa ukali zaidi, na mashine ya eksirei haina namna ya kuonyesha hilo.

Hapa niseme jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawatalipenda. Siku hizi wanaume wanahubiriwa kila mahali: semeni, fungukeni, lieni. Sina imani sana na mahubiri hayo. Wanaume wengi walishawahi kusema, mara moja, wakakutana na utani, au mtu akabadilisha mazungumzo, au siri ikarudi kwao kwenye ugomvi miezi mitatu baadaye kama silaha. Walijifunza kunyamaza kwa akili timamu. Kumwambia mtu wa namna hiyo "funguka" bila kumwonyesha afungukie wapi na kwa nani ni kumtupia lawama ya pili. Ndiyo maana sikwambii uanze kwa kulia. Kutolia si dalili ya kitu, na hakuna daktari atakayekudai machozi.

Swali lako la pili basi, kuongea kutakusaidia nini. Uko sahihi kwamba hakutaongeza mshahara wala kulipa mkopo. Mshauri akikuahidi utajisikia vizuri huku deni lipo pale pale bila kuguswa, tafuta mwingine. Lakini angalia akili unayoitumia kupambana na deni hilo. Hailali, haikai kwenye jambo moja, na kila hesabu inayopiga inaanza na hukumu kwamba umeshindwa. Ile saa tisa usiku unaamini unafikiria. Jipime: asubuhi unaamka na hatua gani mpya mkononi? Kama kwa miezi yote hiyo hujapata hata moja, basi hayo si mawazo ya kutafuta njia, ni akili inayotafuna jambo lile lile. Tiba inayofaa kwa mtu kama wewe hushughulika na mambo haya mawili. Mtakaa na mkopo wenyewe mezani, nani wa kuzungumza naye benki, nini kinaweza kuahirishwa, kazi nyingine ipi inawezekana. Na mtaitengeneza akili inayolibeba suala hilo.

Kuna tiba moja ninayoipendekeza sana kwa wanaume wasiopenda kuulizwa wanajisikiaje. Inaanzia kwenye matendo. Mtu mwenye sonona husubiri hamu irudi ndipo arudi uwanjani. Tiba hii inageuza utaratibu, unarudi kwanza kwa kiasi kidogo kilichopangwa, hamu inakufuata baadaye. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2016, wenye watu wazima 440, ulikuta kwamba tiba hii ya kurudisha shughuli, ikitolewa na wahudumu wenye mafunzo mafupi, haikuzidiwa na tiba ya kubadili fikra na tabia inayotolewa na wataalamu waliosomea tiba ya kisaikolojia. Kwako ningeanza na mpira. Usiende kucheza dakika zote. Nenda ukae pembeni, ucheze robo saa ya mwisho, urudi nyumbani. Weka siku na saa, na umwambie mwenzako mmoja akupitie, ili siku hiyo uamuzi usiwe wako peke yako. Usishangae usipofurahia mara ya kwanza. Kinachotafutwa wiki za mwanzo ni kwenda tu.

Hilo halimaanishi maneno hayana kazi. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake walichapisha utafiti wa picha za ubongo: watu walipoitaja kwa jina hisia waliyoiona kwenye sura ya mtu pichani, ile sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari, amigdala, ilipunguza shughuli zake. Huhitaji hotuba. Siku taya likianza kukaza na mabega kupanda, na hayo hutokea kabla hujafoka, jiambie kimoyomoyo neno moja la kweli: "nimedharauliwa", au "naogopa deni". Kisha toka chumbani kabla ya kufoka, si baada.

Kwa daktari, usiende na mgongo peke yake. Wanaume hutaja mgongo dakika kumi, kisha mkono ukiwa kwenye kitasa cha mlango husema "na usingizi pia." Andika kwenye karatasi na uanze nayo: "Mwaka mmoja sasa silali vizuri, nina hasira zisizo za kawaida, nimepoteza hamu ya vitu nilivyopenda, nakunywa karibu kila siku, na nimewahi kufikiri kwamba familia ingepata nafuu bila mimi. Naomba nipimwe sonona." Pengine atakupa dodoso fupi liitwalo PHQ-9, lenye maswali tisa, kila moja likiwa na alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 10 na kuendelea inahitaji kuchunguzwa zaidi, na swali la tisa linahusu mawazo ya kifo au kujidhuru. Usilijibu kwa adabu. Lijibu kwa ukweli.

Mwombe pia ahakikishe kwamba vipimo ulivyofanya havikuwa vya mgongo tu. Tezi ya thairoidi isiyofanya kazi sawasawa, upungufu wa damu, kisukari, homoni ya kiume kushuka, na pumzi kukatika usingizini, vyote vinaweza kuiga sonona au kuizidisha. Kama mkeo anasema unakoroma sana na wakati mwingine kama umekabwa, litaje hilo kwanza. Taja na dawa zozote unazotumia.

Bia nazo. Zinakulaza, hilo kweli, kisha pombe ikishaanza kwisha mwilini usingizi wa nusu ya pili ya usiku unakatika vipande vipande. Sehemu ya ile saa tisa usiku unaitengeneza mwenyewe jioni. Kwa kiasi ulichokitaja, jaribu wiki mbili bila kabisa, utajua ni kiasi gani cha tatizo ni sonona na kiasi gani ni chupa. Ila kama ukweli ni zaidi ya mbili tatu, au asubuhi mikono inatetemeka usipokunywa, usiache ghafla peke yako. Mwambie daktari, kuna namna salama ya kuacha.

Akikuandikia dawa, ujue haya. Hazifanyi kazi siku hiyo wala wiki hiyo; nafuu huanza baada ya wiki mbili hadi nne na huchukua zaidi kukamilika. Nyingi hupunguza hamu ya tendo la ndoa au huchelewesha kufika kileleni. Wanaume hulikuta hilo bila kuambiwa, wakanyamaza, wakaacha dawa kimya kimya. Mwambie daktari, kuna za kubadilisha. Ukipona, huendelea kunywewa angalau miezi sita ili ugonjwa usirudi, na huachwa kwa kupunguza taratibu.

Mkeo ameona kabla yako na amesubiri. Huhitaji kumweleza yote usiku mmoja. Mazungumzo haya huwa rahisi mkiwa bega kwa bega, garini au mkitembea, kuliko mkikabiliana uso kwa uso mezani. Anza na jambo moja: "Ulikuwa sahihi, kuna kitu hakiko sawa, nimeweka miadi." Mwombe asikushauri dakika kumi za kwanza, asikilize tu. Na kama anayasoma haya, namwomba na yeye kitu kimoja: atakayoyasikia siku hiyo yasije yakatajwa siku mkigombana.

Na binti yako aombwe radhi, kwa maneno ya umri wake. "Nilikufokea vibaya. Maji hayakuwa kosa kubwa. Baba hana afya nzuri siku hizi na anakwenda kutibiwa, na si kwa sababu yako." Mtoto wa miaka 7 asipopewa sababu hutunga yake, na anayoitunga karibu kila mara humtia yeye hatiani.

Mshauri wa kwanza anaweza asikufae. Mpe vikao vitatu. Ukiona anakuhurumia tu, au anakusomea mahubiri kuhusu wanaume, badilisha bila aibu. Mwambie tangu kikao cha kwanza kwamba unataka mpango wenye kazi za kufanya nyumbani na tarehe ya kupima maendeleo. Kisha rudia lile dodoso la maswali tisa baada ya wiki sita. Alama zisiposhuka, usiongeze uvumilivu: rudi useme, na kitu kibadilishwe, iwe kipimo cha dawa, aina ya tiba, au mtaalamu mwenyewe.